Bwambale wa Nani

Watu wa Kasese wananicheka nikisema nimestaafu. Wanatafuta mvi kichwani kwangu, wanakuta rasta nilizosukwa juzi, wanasema, "Mbambu, mstaafu gani bado anaruka mitaro?" Wacheke tu. Kazi nimeiacha kweli. Ufunguo wa chumba cha kikundi nimeukabidhi, na wiki ijayo napanda mlimani Bwesumbu, kwenye shamba la bibi yangu, kuanza kitalu cha miche ya kahawa. Nimeshakiona kichwani: vimifuko vyeusi vimepangwa mistari, kivuli cha migomba juu yake, na mimi katikati nimevaa gambuti, tajiri. Msiniulize tajiri wa nini.

Ninyi wadogo zangu mnaobaki mliniomba niandike kazi hii inafanywaje, maana nikizungumza nacheka sana na mambo yanapotea. Haya, naandika. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Kwa mtu ambaye hatujui: kikundi chetu kiliwasaidia watu waliotoka gerezani kusimulia yaliyowapata. Kwanza walitusimulia sisi, chumbani. Halafu, wakipenda, waliwasimulia watu: nje ya kanisa, nje ya msikiti baada ya sala, sokoni, na mbele ya hakimu na polisi siku ile wanayokaa pamoja kuwasikiliza wananchi. Tuliamini, na mimi bado naamini, kwamba mkubwa akisikia jambo kutoka mdomoni kwa mtu aliyeliishi, anarudi ofisini kwake na kitu kinamkwaruza. Si wote wanaokwaruzwa. Wengine walisinzia. Lakini tuliendelea.

Aliyeanzisha mambo haya ni Haji Swaibu, mwenye lori na dereva wa lori, aliyebeba chumvi ya Katwe na kahawa miaka na miaka. Alikaa rimandi, ndani bila hukumu, muda mrefu kwa sababu ya magunia yaliyokutwa kwenye lori lake, ambayo hakuyapakia yeye. Alipotoka, aligundua kwamba kila mtu aliuliza habari za magunia na hakuna aliyeuliza habari zake. Basi akafungua chumba nyuma ya duka lake la vipuri hapa Nyamwamba, mtaa wa Kasese, akaweka mikeka, akaanza kukaa na wenzake waliotoka ndani.

Siku yangu ya kwanza nilivaa gauni la kanisani. Nilijua nitashika kipaza sauti.

"Haji, kipaza sauti kiko wapi?"

"Kipo. Kimelala. Shika kisu."

"Kisu cha nini, Haji?"

"Mihogo ile pale unaiona? Menya."

Nilimenya mihogo na gauni langu la kanisani mpaka mchana. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kisinga, naye anamenya. Hatukuongea. Nilifikiri ni mpishi. Tulipofika katikati ya gunia, bila mtu kumuuliza, mama yule akasema, "Ndani tulikuwa tunalala ubavu mmoja. Mukitaka kugeuka, munageuka wote." Akaendelea kumenya. Baadaye akasema jingine. Haji alikuwa mlangoni anapangusa spana, hakuinua hata kichwa. Mama yule alimaliza hadithi yake na gunia kwa pamoja: namna mume alivyompiga miaka yote, namna siku moja alirudisha, na namna alivyofungwa kwa siku ile moja tu.

Alipoondoka nikamuuliza Haji kwa nini hakumkaribisha kwenye kiti, amwangalie usoni kama watu wenye heshima.

"Binti yangu," akasema, "usoni aliangaliwa na polisi, aliangaliwa na hakimu, aliangaliwa na askari wa gereza. Sisi tukae ubavuni."

Hilo ndilo la kwanza. Kaeni ubavuni, na mikono ya mtu iwe na kazi. Mihogo ni mizuri. Kuchambua kahawa ni kuzuri zaidi, kwa sababu macho yana mahali pa kwenda. Maharagwe hapana, yanaisha haraka. Usimuulize mtu "kwa nini". Muulize walikula nini. Mtu yeyote aliyekaa gerezani anaweza kusema juu ya posho, ule ugali wa gerezani, yenye wadudu na maharagwe ya maji, na kutoka hapo mlango unafunguka wenyewe. Akilia, usimkimbizie maji. Ukimpa maji mapema anayameza pamoja na maneno. Na kabla hajasimama mbele za watu, muulize: kipande gani kinabaki nyumbani? Kila msimulizi lazima awe na kipande ambacho hatakisema kwa mtu, kiwe chake tu. Asiyeacha kitu nyumbani anarudi mtupu, anaumwa. Nimeona.

Kipaza sauti nacho nilikipata mwishowe. Ni kile kile mnachokijua, chenye kulia kama mbuzi kila unapokaribia ukuta. Mkipatie fundi, jamani. Mimi nimeshindwa.

Sasa niwaeleze juu ya Bwambale, maana huyo ndiye aliyeibadilisha kazi yetu, na wengi wenu mlikuja baada yake.

Alikuja mwenyewe, asubuhi, akasimama kwenye mafuta machafu ya gari nje ya duka, kijana mrefu wa Bwera, kule mpakani, kovu refu limepita kwenye nyusi yake moja. Haji akamwuliza jina.

"Bwambale."

"Bwambale wa nani?"

Yule kijana akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi kwa ujinga wangu nikacheka naye, kisha nikaona kwamba machozi yanamtoka.

"Haji," akasema, "hilo swali, laiti lingeulizwa siku ile."

Msomaji wa mbali anisamehe nimweleze. Sisi Wakonzo jina linatokana na zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Bwambale. Wa tano ni Thembo. Msichana wa tatu ni Kabugho, wa nne ni Mbambu, ndiyo maana mnajua bila kuniuliza kwamba nina dada watatu wa kunituma. Kila nyumba ina Bwambale wake. Ukiita Bwambale katikati ya soko la Bwera, wanageuka wauza viatu, wanageuka wapakiaji, na mchungaji anageuka. Kwa hiyo sisi wenyewe tukisikia jina hatutulii mpaka tuulize: wa nani? Wa kilima gani? Hata mtoto mdogo anauliza.

Siku ile hawakuuliza.

Ilikuwa hivi. Bwambale huyu alikuwa anapika chapati kando ya soko la Bwera, sigiri moja ya mkaa, kikaango kimoja, mwavuli. Jioni moja, juu kidogo kwenye barabara, palitokea ugomvi wa mahali pa kushushia mizigo. Kijana mmoja mfanyabiashara wa viatu, anaitwa Thembo, alikatwa panga la bega. Mkono wa kulia. Walimbeba kwenye boda boda kwenda hospitali ya misheni Kisinga, na kabla hajazimia alisema neno moja tu: "Bwambale." Shangazi yake, Kabugho, muuza samaki wa kukausha, ndiye aliyemshika kichwa. Alilisikia. Boda boda ilipoondoka aliteremka sokoni na damu ya mtoto wao kwenye nguo, anapiga kelele jina lile. Na Bwambale wa kwanza ambaye macho ya watu yalimwangukia alikuwa anakata vitunguu. Ana kisu mkononi.

Walimpiga. Polisi walimwokoa kwa kumkamata. Afande alipouliza nani kafanya, soko zima lilijibu Bwambale, na Bwambale alikuwa pale chini. Afande yule alikuwa mgeni, katoka mbali, hakujua kwamba kwetu jina hilo peke yake halijasema kitu. Ila wenyeji tulijua. Hasira ilitusahaulisha hata swali la mtoto mdogo.

Akapelekwa rimandi. Misimu ilipita. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, yeye Bwambale akiwa ndani. Barua za kumwita Thembo kutoa ushahidi zilikwenda Bwera, na Thembo hakuwa Bwera tena, kaka yake alikuwa amemchukua. Mwishowe hakimu akasema hakuna shahidi, kesi imefutwa, nenda nyumbani.

Nyumbani! Alifika Bwera mchana, na kabla hajaufikia mwavuli wake Kabugho alishasimama juu ya gunia.

"Mukataji wa watu amerudi! Angalieni! Amekuja kumalizia mukono mwingine!"

Alipata kumwona mtoto wake kwa mbali tu, kwenye mgongo wa mama mkwe. Akapanda gari lililokuwa linaondoka. Tangu siku hiyo alilala kwenye gereji za Kasese, anaosha malori. Alichotaka kilikuwa kidogo: arudi Bwera, awashe sigiri yake, na mtoto wake amzoee.

Mihogo haikumfaa. Alimenya gunia zima bila neno. Kahawa pia, kimya. Nikamwambia Haji labda huyu si wa kusema. Haji akanijibu, "Labda wewe si wa kufikiri. Huyu anapika nini?" Nikaenda dukani nikaleta unga, chumvi na mafuta. Bwambale alipoingiza mikono kwenye unga, mabega yake yalishuka. Alikanda, akakanda, na maneno yakaanza kutoka na kila ngumi. Alisema namna alivyojifunza kulala bila kuota harufu ya vitunguu. Alisema kwamba waliompiga aliwajua kwa chapati wanazopenda: huyu ya mayai, huyu kavu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko fimbo.

Alikuja siku nyingi. Tulinenepa.

Alisimama mara ya kwanza nje ya msikiti, mara ya pili kwenye uwanja wa kanisa, na watu walimsikiliza vizuri. Wanawake walifuta macho. Lakini kila mara mwishoni alinivuta pembeni.

"Dada Mbambu, hawa wa Kasese wananihurumia. Asante. Lakini mimi sikufungwa na wa Kasese."

Alikuwa na haki. Tungeweza kumzungusha wilaya nzima, na Bwera pangebaki pale pale, Kabugho juu ya gunia lake. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumshusha: Thembo. Na Thembo hatukuwahi kumfikiria. Mkeka wetu ulikuwa wa watu waliofungwa. Watu waliokatwa, waliopigwa, tuliona ni kazi ya wengine. Nilimwambia Haji nataka kumtafuta.

"Umwambie nini?" akauliza. "Kwamba mtu ambaye yeye anaamini ndiye aliyemkata hana kosa? Nani amekuambia hana kosa?"

"Yeye."

"Na mimi nilisema magunia si yangu. Nusu ya Kasese bado wanasubiri nikiri." Akapangusa kitu ambacho kilikuwa safi tayari. "Nenda. Lakini hadithi ya Bwambale usiibebe mdomoni. Si yako. Mwulize Thembo yake tu."

Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa hapa hapa Nyamwamba, kwenye duka la kaka yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu, anauza viatu. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye mfuko wa koti. Alikuwa mchangamfu wa namna ile inayomchosha mwenyewe: "Karibu dada, miguu hiyo ni ya viatu vyekundu!" Nilipomwambia kazi yangu, uchangamfu ukamwagika wote.

"Mutu yeyote hajaniuliza," akasema.

"Hata mahakamani?"

"Mahakama gani? Mimi nilitoka hospitali nikaletwa hapa. Nilimwuliza shangazi, akasema Bwambale amekamatwa, wako naye gerezani. Nikasema sawa, basi, imekwisha. Nilikuwa najifunza kufunga vifungo na mukono wa kushoto, dada. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yangu."

Nikamwuliza kama angependa kukaa siku moja na mtu aliyefungwa kwa ajili ya jambo lile. Ametoka, nikamwambia. Yuko tayari.

"Nimwone?"

"Ukipenda."

"Nataka nimwulize kitu kimoja. Kwa ajili ya mahali pa kushusha viatu, kweli? Pale tu? Nimwulize hicho halafu niende."

Bwambale nilipomwambia, aliosha gurudumu moja la lori mara mbili. Kisha akasema, "Akinirukia, mumwache. Nimeshazoea." Nikamwambia hatutamwacha mtu yeyote amrukie, na mwenyewe sikujua ningemzuiaje. Mimi mwanamke mfupi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Tulitandika mikeka miwili. Bwambale alikuja mapema, akaomba unga, akakaa kwenye kona anakanda. Haji alikuwa mlangoni. Nilimwona Thembo anakuja akifuata ukuta, koti limefungwa mpaka shingoni kwa vifungo vilivyopishana kimoja. Akaingia, akazoea giza, akamwona Bwambale. Uso wake ukafunguka.

"He! Wewe si wa chapati? Wa kando ya soko?"

Bwambale akainua kichwa.

"Kumbe ulihamia Kasese! Ndiyo maana. Nilikuwa nakula kwako, ya mayai mawili, unakumbuka? Chapati za huku ni ngozi ya kiatu." Akageuka kwangu. "Dada, na yeye yuko wapi? Amechelewa?"

Nilisikia lori linarudi nyuma barabarani. Haji aliweka spana chini.

"Thembo," Bwambale akasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Aliyefungwa ni mimi."

"Kwa nini wewe ulifungwa?"

"Kwa mukono wako."

Thembo akakaa kwenye mkeka, si ule tuliomtandikia, ule wa Bwambale. Akasema, "Hapana." Akasema tena. "Mimi nilisema Bwambale wa tanuru. Wa matofali. Wa kule juu. Nilitaka kusema. Nilisema Bwambale, halafu sikuwa na pumzi. Nilifikiri watauliza. Kila mutu anauliza!"

"Hawakuuliza," Bwambale akasema.

"Na wa tanuru yuko wapi?"

"Walisema alivuka mpaka siku ile ile, akaenda Kongo. Sikujua kwa nini. Nilikuwa ndani."

Thembo akaanza kulia. Nilikumbuka sheria yetu, nikakaa juu ya mikono yangu nisikimbilie maji. Aliyesogea ni Bwambale. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, hakujua aiweke wapi, basi akakaa tu, bega lake likagusa bega bovu la Thembo, ubavuni. Hatukumfundisha. Walikaa hivyo mpaka unga ukakauka.

Baadaye sana Thembo aliinua uso akasema, "Na shangazi yangu?"

"Kila nikienda ananiita mukataji."

"Ana sauti, yule."

"Ana sauti," Bwambale akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa kuogopa.

Mambo yaliyofuata yalikuwa mengi na mengine yanachosha. Tulikwenda kituoni, Thembo akaandikisha maelezo yake kwa mara ya kwanza tangu akatwe. Afande wa zamu, kijana mwema, alisoma, akasema, "Lakini kwenye faili iko Bwambale." Haji akamwambia, "Afande, na wewe mwenyewe unaitwa nani?" Akajibu Okello. "Kwenu Okello ni mmoja?" Afande akakuna kichwa. Siku ya kikao cha hakimu, wote wawili walisimama pamoja, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Bwambale alisimulia ya kwake, Thembo ya kwake, kila mmoja akaacha kipande nyumbani. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani. Hakusinzia. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani akawauliza polisi wote mle ndani kama wangeweza, kuanzia sasa, kuandika jina la baba na jina la kilima kwa kila wanayemshika, na kumwuliza aliyeumia kabla ya kumfungia mtu. Hakuamuru kwa ukali. Aliuliza tu, na akasubiri mmoja mmoja aitikie.

Kituo kimoja kilianza. Halafu kingine. Wa tanuru hajapatikana mpaka leo ninapoandika. Nawaambia hivyo msije mkadhani kazi hii inamaliza vitu.

Tangu siku ile tunatandika mikeka miwili. Mkikuta mtu anasema walioumizwa si kazi yetu, mwambieni Mbambu alistaafu akiwa na mikeka miwili.

Ilibaki Bwera. Thembo alimpigia shangazi yake simu, akamweleza, na Kabugho akamjibu kwamba wamemtisha au wamemlisha kitu. Akakata. Alipiga tena, hakupokea. Bwambale alisema basi, tuache, atatafuta mahali pa sigiri hapa Kasese. Alisema hivyo akitabasamu, na sijapenda tabasamu lile hata leo. Thembo akamwambia, "Hapana. Jumamosi tunakwenda. Mimi na wewe."

Tulikwenda wanne. Kipaza sauti Haji alikiacha kwa makusudi. Soko la Bwera lilikuwa limejaa: Wakongo na vitenge vyao, magunia ya maharagwe, kelele za Kikonzo na Kiswahili na Kifaransa cha kununulia sabuni. Tulipita kwenye chumvi, tukapita kwenye nguo. Bwambale alitembea nyuma ya Thembo, kichwa chini kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Nilianza kusikia jina lake likipita pembeni, mdomo kwa mdomo, tukitembea.

Kabugho alimwona. Alikuwa ameketi kati ya samaki wake, akapanda juu ya gunia.

"Mukataji wa watu! Ndiye huyo! Ndiye..."

"Shangazi," Thembo akasema.

"Toka hapo, mutoto! Toka karibu yake!"

"Shangazi, si huyu."

"Nilisikia na masikio yangu! Ulisema Bwambale!"

"Nilisema Bwambale. Wewe hukuniuliza wa nani." Hakupaza sauti. Alifungua koti kwa mkono wa kushoto, akatoa ule wa kulia kwenye mfuko kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala, akauonyesha. "Mukono huu ni wangu, shangazi. Mimi ndiye niliyekatwa. Mimi nilimwona. Alikuwa wa tanuru. Huyu alikuwa ananipikia chapati."

Soko halikunyamaza, soko halijui kunyamaza, lakini pale kwenye samaki palipoa. Kabugho alikuwa bado juu ya gunia, mkono bado umenyooka kuelekea kwa Bwambale. Nilimwangalia anautazama mkono wake mwenyewe. Akaushusha. Akamwangalia Bwambale, lile kovu kwenye nyusi, kwa muda mrefu.

"Mama yako ni nani?" akamwuliza, sauti imekuwa ndogo.

Bwambale akamtajia mama yake, na kilima chao.

"Namjua," Kabugho akasema. "Mama yako namjua. Tulichota maji pamoja." Akakaa juu ya gunia. Tukadhani imekwisha, na Haji akaanza kusogea ili atuondoe. Ndipo yule mama akasimama, akafunga kanga yake upya kiunoni, akateremka, akatupita sote bila kutuangalia. Alifika kwenye kona ya wauza maharagwe. Akavuta pumzi.

"Si huyu!" akapiga kelele. "Watu wa Bwera! Bwambale wa chapati, si huyu! Mimi Kabugho ndiye niliyesema, na nilikosea! Si huyu!"

Akaenda kwenye nguo, akasema. Akaenda kwenye viatu, kwenye chumvi, mpaka kule malori yanapopinda kuelekea mpakani. Tulimsikia anapotea, anarudi, anapotea. Alipita soko zima, mstari kwa mstari, kila mahali alipokuwa amemtangaza. Wapo waliocheka. Muuza mkaa mmoja akasema, "Mama, tumesikia!" naye akamwambia, "Utasikia tena!"

Mkewe Bwambale alikuwa ameshafika, ameitwa na kelele, mtoto mgongoni. Mwavuli ulikuwa umeshapata mtu mwingine, lakini sigiri mama mkwe aliitunza chini ya kitanda, na mtu alikwenda kuileta. Mkaa, unga, mafuta, vyote vilitokea kwenye mikono ya majirani ambao hawakutaka kuangaliwa usoni wakivitoa. Moto uliposhika, Bwambale hakuanza na chapati. Aliteleka chai.

Kabugho alirudi jua likiwa juu kabisa. Sauti ilikuwa imekwisha, alijaribu kusema kitu kwa Bwambale, ikatoka hewa tu. Akajaribu tena, akashindwa, akabaki amesimama mbele ya sigiri.

Bwambale akasogeza kibao, si mbele yake, ubavuni kwake. Akamimina chai, akaipuliza kidogo kama mtu anayempulizia mtoto.

"Kaa, shangazi," akasema. "Kunywa kwanza."